Povu Lile Lilikuwa la Vyura

Mume wangu alikuwa mtu wa mousse. Huku Katanga ukisema hivyo, wazee wa kampuni ya migodi wanaelewa mara moja. Wengine nitawaeleza kama alivyonieleza yeye, maana mimi shule niliiacha darasa la nne na kiwandani sikuingia hata siku moja. Mawe ya shaba yanasagwa mpaka yanakuwa unga. Unga unatiwa ndani ya matangi ya maji, unatiliwa mafuta na dawa, halafu mashine inapuliza upepo kutoka chini. Povu linapanda, na shaba inapanda pamoja nalo. Udongo wa bure unabaki chini. Povu hilo ndilo mousse. Kazi yake kule Kambove ilikuwa kusimama juu ya matangi na kuliangalia. Likiwa jepesi mno, anaongeza dawa. Likiwa zito, anapunguza. Alisema mousse ina uso kama mtu, na asubuhi akiingia tu alijua imelala vizuri au vibaya.

Nyumbani vilevile. Nikifua, anatazama povu la sabuni. Nikichemsha maharagwe, anafunua sufuria atazame povu la maharagwe. Nilikuwa ninacheka. Wakati ule nilikuwa ninacheka.

Halafu kampuni ilikufa. Waliokula kampuni wanajulikana na hakuna aliyewauliza, kwa hiyo nami sitapoteza karatasi. Nasema tu nilichokiona. Mashine zilisimama. Wanajeshi wakapora, na raia wakapora walichoacha wanajeshi, hata nyaya za ndani ya ukuta. Magunia ya mousse iliyokaushwa, ile waliyoita concentré, yaliondoka mchana watu wakitazama, na mpaka leo hakuna aliyesema yalikwenda wapi. Nayataja magunia hayo kwa sababu ndiyo yaliyomwua mume wangu, ingawa pale alipokufa hayakuwapo.

Tuliteremka Lubumbashi, mtaa wa Bel-Air, kwa yaya yake, yaani kaka yake mkubwa, akatupa chumba kimoja nyuma ya nyumba. Tulikuwa na watoto wawili wadogo, godoro na sufuria. Mume wangu akakaa. Simaanishi alipumzika. Alikaa. Asubuhi alivaa kofia yake ngumu ya kazi, akatoka uani, akaegemea ukuta, akatazama mbele mpaka jua linazunguka. Ukimwuliza kitu, jibu linakuja umeshasahau swali. Sikumlaumu. Ndani yangu nilikuwa hivyo hivyo, tofauti ni kwamba mimi nilikuwa na ndoo ya kujaza.

Bomba lilikuwa limekauka avenyu nzima. Maji ya kunywa tulichota visimani kwa watu. Maji ya kufua tulifuata shimo la matofali, huko nyumba zinakoishia. Watu wanachimba udongo wa kufyatulia matofali, wanaacha shimo, mvua inalijaza, linakuwa bwawa. La kwetu upande mmoja lilikuwa mteremko, pale tulisimama kufua. Upande wa pili ulikuwa ukuta wa udongo, umesimama wima, mrefu kupita watu watatu wakibebana. Juu ya ukuta huo kulikuwa na miti imeinamia maji.

Mvua za kwanza zilipopita, vyura wakaja. Siyo wale wanene wa matopeni. Hawa walikuwa wembamba, rangi ya gamba la mti, na wakikaa juani wanageuka weupe kama chaki. Vidole vyao vina vifundo bapa mwishoni, wanashika tawi kama mtu anavyoshika mkono wa mtu. Miezi ya kiangazi nilikuwa ninawakuta juu ya ukuta wa choo, jua linachoma, hakuna tone la maji popote, nao wamekunja miguu tu, hawasogei, hawaombi kitu. Niliwaheshimu kwa hilo.

Asubuhi moja nilifika mapema kabla ya wenzangu, nikaona kazi yao. Jike alikuwa kwenye tawi juu ya maji. Dume mmoja amempanda mgongoni, wengine wawili wamejibandika ubavuni. Jike anatoa uteute nyuma, na wote wanaupiga kwa miguu ya nyuma, hivi na hivi, kama mwanamke anayepiga mayai kwa uma. Povu likawa linavimba chini yao, jeupe, kubwa kama ngumi, halafu kubwa kama kichwa cha mtoto. Mayai yanaingia humo humo. Jike akichoka anashuka mpaka majini, yule wa mgongoni bado amebebwa, anakaa tumbo ndani ya maji ajaze mwili. Akishajaa anapanda tena na kuendelea. Wale wawili hawakushuka. Walimngoja juu, wanasukumana.

Jirani yangu mmoja alikuja kusimama karibu yangu. Alikuwa mama wa familia ya Kimaniema, Mwislamu, mumewe fundi cherehani. Naye akatazama.

"Eh, mama, angaria ile," akasema. "Bwanaume tatu, mwanamuke moja."

"Na kazi njo ya nani?"

"Ya mwanamuke! Beye banapiga miguu tu. Kesho utasikia banasema: ile nyumba njo shiye tulijenga."

Wanawake wengine walikuwa wameshafika, wakacheka. Mmoja akamchokoza: "Mama, kwenu haiko vile. Kwenu bwanaume moja, babibi ine."

"Njo ile ile, mama. Hesabu tu banageuza. Kazi haikuhama."

Nilirudi kila siku kutazama, maana hapakuwa na kitu kingine cha kutazama. Kufika saa sita povu linakauka nje, linakuwa na ganda kama la mkate. Ndani linabaki bichi. Siku ya tano hivi, chini yake panalainika, panaachia, na viluwiluwi wanadondoka majini mmoja mmoja. Tone, tone. Ndiyo maana wanatundika povu juu ya maji na si mahali pengine. Mimi nisiye na shule nililijua hilo kwa kusimama tu.

Siku moja mgongo ulinikatalia, mume wangu akanibebea beseni la nguo. Ilikuwa mara ya kwanza kufika shimoni. Aliinua macho kwenye miti, akaona mapovu kama kumi yametundikwa. Akaweka beseni chini. Akazunguka mpaka juu ya ukuta, akalala kifudifudi, akavunja kipande cha povu, akakisugua kati ya vidole, akanusa, akaweka kidogo kwenye ulimi. Alirudi uso wake umebadilika. Sikuwa nimeuona uso ule tangu Kambove.

"Mama. Ile ni mousse."

"Iko ya chula, papa."

"Chula gani?"

"Chula ya mu miti. Inawekaka mayai yake mule."

Akacheka. Kicheko cha kwanza tangu tuje Lubumbashi, na alinicheka mimi. "Miaka yote ile miye minatumika ku matangi ya flottation, leo chula njo atanifundisha mousse? Ile chula iko na compresseur ya kupuliza upepo?"

Akanieleza pale pale, polepole, kama anafundisha kibarua mpya. Povu la bure halidumu. La sabuni linakufa unalitazama. Hili limekaa siku nzima juani na halijafa, kwa hiyo lina dawa ndani. Na dawa kwenye shimo la matofali imetoka wapi? Inakuja na concentré. Kwa hiyo mtu ametupa humu magunia ya wizi, akayafukia chini ya ukuta. Mvua imeyaamsha, dawa imepanda, upepo umepuliza, povu limerushwa kwenye matawi.

Kila neno lilikuwa na akili ndani yake. Nataka hilo lisomwe vizuri. Walimwita mjinga baadaye, na hakuwa mjinga. Alijua kitu kimoja tu duniani, alikijua mpaka mwisho, na walimnyang'anya. Alipokiona kimetundikwa kwenye mti, alikwenda nacho.

Sasa waliofanya afe. Majina yao yote ninayo, ya kwao na ya baba zao. Siandiki majina kwa sababu wanangu wangali wanaishi avenyu ile ile, lakini watu wa Bel-Air wakisoma watawajua.

Wa kwanza ni yaya yake. Mume wangu alimweleza mezani habari ya povu, kama maneno ya mezani, na kabla ya chakula kupoa yaya alikuwa kwa shefu wa avenyu, amepeleka habari ili apendwe. Wa pili ni huyo shefu wa avenyu. Sikio lake la kushoto lilikuwa limekatika ncha, na mkononi alibeba mfuko wa ngozi wenye mhuri, hata akienda chooni. Wa tatu ni mwenye kamio, yaani lori, aliyetoa pampu ya kunyonya maji na kuahidi kupitisha magunia Mokambo, mpakani. Huyo hakukanyaga matope hata siku moja. Alituma pampu.

Shefu alikuja uani kwetu, akamkuta mume wangu ameegemea ukuta.

"Injenieri!" akaita. "Uko unaikala hapa na akili yote ile, shiye hatujue!"

Mume wangu hakuwahi kuwa injenieri. Akasimama.

"Ile shimo haina mwenyewe," shefu akasema. "Mwenyewe njo miye, minaweka mhuri. Weye utaonyesha tu fashi ya kuchimba. Vijana watachimba."

Alipoondoka nilimshika mume wangu mkono. Nikamwambia: nipe siku tano. Nitaleta tawi lenye povu la leo, tulitundike hapa uani juu ya beseni la maji. Ikiwa ni dawa, litakauka na kuisha. Ikiwa ni vyura, utawaona kwa macho yako. Nilifikiri atanifukuza. Hakunifukuza. Kiwandani walikuwa wanachota kidogo na kupima kabla ya kusema neno, na hiyo ilikuwa dini yake.

"Bon," akasema. "Miye niko muntu wa kupima. Tupime."

Alilifunga tawi mwenyewe kwenye nguzo ya kamba ya nguo. Alisogeza beseni mpaka likakaa sawasawa chini ya povu. Alilikagua asubuhi, saa sita na jioni, kama zamu. Watoto aliwakataza kupita karibu, halafu akawaita, akawaeleza shaba inavyopanda na povu. Wiki ile alikula. Aliongea wakati wa kula. Siku ya pili, akipita nyuma yangu, aliniwekea mkono begani, akauacha hapo kidogo.

Shefu hakungoja vipimo. Pampu ilinguruma siku tatu. Maji ya shimo yalimwagwa mtaroni, na sisi wanawake tukabaki na nguo chafu mikononi. Yule mama wa Kimaniema alimwuliza shefu tutafua wapi. Shefu akasema: "Mama, ngojea kidogo, mutafua na mashini." Vijana wakacheka. Juu ya miti mapovu yalikuwa bado yapo, na yaliyotimiza siku zake yalianza kuachia. Viluwiluwi walidondoka kwenye matope. Walijipinda kidogo, wakaacha. Nilitazama. Moyoni sikusikia kitu.

Siku ya tano, asubuhi, nilikuwa nafagia uani. Mume wangu akasema, bila kuinua sauti: "Mama, kuya."

Alikuwa amechuchumaa mbele ya beseni. Chini ya povu palikuwa pamelainika. Kiluwiluwi kimoja kilikuwa kinaning'inia, kikaachia, kikaanguka majini, kikaogelea.

"Moja," akasema.

Kikafuata kingine. "Mbili." Halafu wakawa wanaanguka upesi, akaacha kuhesabu. Alitia kidole majini na mmoja akapita juu ya ukucha wake. Nilikuwa nyuma yake, niliona mgongo tu.

"Njo vile," akasema.

"Basi uende kubaambia."

"Nitabaambia nini? Nitasema minakosa, sikujua kutofautisha mousse na mate ya chula?"

"Ndiyo, papa. Vile vile."

"Balisha kutosha mayi yote mu shimo, mama. Bantu mingi bako kule. Banaita miye Injenieri."

Alisimama, akajifuta kidole kwenye suruali. "Usiseme ku muntu. Batachimba siku mbili, bataona hakuna, batachoka. Nitasema balituibia kale." Akavaa kofia ngumu, akaenda.

Hapa naandika wa nne, na wa nne ni mimi. Nyumba ya shefu ilikuwa ya nne kutoka kwetu. Ningeweza kwenda na beseni kichwani, nikaliweka mezani kwake, nikasema: angalia. Wangemcheka mume wangu avenyu nzima, wangemwita Papa Chula mpaka anazeeka, naye angerudi ukutani na kukaa. Nililiona hilo lote nikiwa nimesimama na ufagio. Nilitaka siku mbili zaidi za yule mtu wa wiki ile. Siku mbili tu, halafu wachoke. Nikaendelea kufagia.

Siku ya kwanza aliwaonyesha katikati ya shimo, mbali na ukuta. Nimeambiwa na kijana mmoja aliyekuwapo. Aliwazungusha, chimba hapa, chimba pale, apate kuisukuma siku. Siku ya pili shefu alikuja mwenyewe na mfuko wake, akasimama juu, akasema mapovu yametundikwa kwenye miti ya ukutani, kwa nini wanachimba katikati. Injenieri anawaficha? Ana kamio lake kando? Mume wangu akasema ukuta ule ni mbaya. Alisema kweli. Udongo ule ulikuwa umezoea kuegemea maji, na maji yalikuwa yameondolewa. Alikuwa ameyaona mashimo ya Kambove, alijua. Shefu akasema: "Alors, tangulia weye."

Akatangulia.

Walikuwa wanne chini ya ukuta, saa sita mchana. Watatu walitoka. Mimi nilikuwa uani ninaanika nguo nilizofua kwa maji ya kuomba. Sikusikia mshindo. Nilichosikia ni kwamba watu barabarani waliacha kuongea. Nikamaliza kuanika kitambaa kilichokuwa mkononi, nikaenda. Walimfukua kwa majembe yale yale. Miti miwili ilikuwa imeanguka pamoja na udongo, na kijana mmoja alikuwa anakata matawi kwa panga ili wafike kwake. Nilitazama miguu yake ilipotokea. Kiatu kimoja hakikuwepo. Nilifikiria kiatu.

Kwenye kilio wanawake walilia kunizidi, na walinitazama vibaya kwa hilo. Yule mama wa Kimaniema alikaa nami mkekani siku zote, hakusema neno la mungu wake wala la mungu wangu. Aliosha watoto wangu, akawalisha.

Mwenye kamio alituma kijana kuchukua pampu yake.

Shefu alikuja siku ya pili ya kilio, kabla ya kuzika. Alikaa kwenye kiti walichompa, akafungua mfuko, akatoa karatasi. Yaya alisimama nyuma yake. Karatasi ilikuwa ya kifo. Ilikuwa imeshaandikwa, imebaki mahali pa mhuri na mahali pangu.

"Mama, pole sana," akasema. "Ni Mungu."

Akainyoosha karatasi juu ya goti, akaendelea.

"Tunaandika ni malaria. Ukisema shimo, wanajeshi batakuya kuuliza nani alichimba, nani alitoa ruhusa. Bataanza na mwenye parcelle hii, mwenye nyumba. Ni yaya yako hapa. Batafunga nyumba. Weye na batoto mutalala wapi?"

Yaya akasema: "Njo vile, mama. Ni juu ya batoto."

Nilimtazama yaya. Alitazama chini. Watoto wangu walikuwa mlangoni, wanakula mkate wa watu.

"Alikuwa na homa, si ndiyo?" shefu akasema. "Siku zile za mwisho. Uliona alikuwa na homa."

Nikafikiria zile siku za mwisho. Alikuwa na afya kuliko miezi yote tuliyokaa hapa.

"Ndiyo," nikasema. "Alikuwa na homa."

Shefu akanionyesha mahali. Kuandika jina langu najua, darasa la nne nilifika, lakini alikuwa ameshafungua wino wa kidole na sikutaka kumsumbua. Nikaweka kidole. Akapuliza karatasi ikauke, akagonga mhuri, akairudisha ndani ya mfuko.

"Merci, papa shefu," nikamwambia.